Moshi wa Beirut na Muhuri wa Kughushi

Katika kila ofisi ya umma muhuri ni kitu kinacholindwa. Hufungiwa katika saraka, ufunguo wake hukaa kwa mtu mmoja anayejulikana, na barua isiyo na alama yake hurudishwa ilikotoka. Sababu yake inaeleweka na kila karani: muhuri ndio usemao kwamba maneno yaliyo juu yake yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo yuko tayari kuulizwa. Basi ni ajabu, na pengine ni kejeli isiyokusudiwa, kwamba katika programu za kompyuta zitumikazo kurekebisha picha, chombo kinachotumiwa mno kuwahadaa watazamaji kimepewa alama ya muhuri. Mtumiaji akitazama safu ya vyombo pembeni mwa kioo cha kompyuta ataiona: muhuri mdogo wa mpira wenye mpini, sawasawa na ule wa ofisini. Ule wa ofisini huthibitisha. Huu hunakili kipande cha picha na kukibandika mahali pengine, ili kufunika kilichokuwapo au kuweka kisichokuwapo.

Kazi yake haina uchawi. Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila nukta ina namba zielezazo rangi yake. Mtumiaji huchagua kwanza mahali pa kuchota, kisha husogeza brashi mpaka mahali pa kupaka. Kadiri brashi inavyokwenda, ndivyo mahali pa kuchota panavyoifuata kwa umbali uleule, kama kivuli kimfuatavyo mtu, na programu huzihamisha zile namba nukta kwa nukta. Kwa njia hiyo nyasi huzaa nyasi, anga huzaa anga, na ukuta huzaa ukuta. Fundi mzembe huchota mahali pamoja tu, na matokeo yake ni wingu lilelile kuonekana mara tatu katika anga moja. Fundi hodari hubadili mahali pa kuchota kila baada ya mpako mmoja au miwili, hulainisha kingo za brashi, na kazi yake haitambulikani kwa macho.

Programu mashuhuri kuliko zote za aina hii, Photoshop, ilianzia kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, Thomas Knoll, aliyeanza kuiandika mwaka 1987 na kuiendeleza pamoja na nduguye, John. Kampuni ya Adobe iliitoa sokoni Februari, 1990. Mwaka 2002 iliongezewa brashi ya kuponya, ambayo huchota umbile la mahali pamoja lakini ikalinganisha rangi na mwanga wake na pale inapopakwa. Tangu hapo, jambo lililomhitaji fundi wa chumba cha giza kukaa saa nyingi likaweza kufanywa na kijana yeyote kwa dakika chache.

Yafaa ieleweke mapema kwamba chombo chenyewe hakina dhambi. Picha ya arusi ya wazee, iliyokunjwa mara nne na kukaa miaka arobaini chini ya godoro, huweza kurudishiwa uso kwa muhuri huohuo: mstari wa mkunjo hufutwa, doa la maji huzibwa, na wajukuu wakamwona bibi yao alivyokuwa. Mapiga picha wa studio walikuwa wakiyafanya haya zamani kwa penseli iliyochongwa kali, wakiinama juu ya negativi kuondoa chunusi na makunyanzi, na hakuna mteja aliyewahi kuwashitaki. Hata hivi leo wapo wengi katika miji ya Afrika Mashariki waliopigwa picha na shati la kawaida na wakatoka studio wamevaa koti na tai ambavyo hawajapata kuvigusa. Mambo ya namna hiyo ni mapambo, na mwenye kupambwa anajua kwamba amepambwa.

Ugomvi huanza pale picha inapoitwa shahidi. Na katika historia fupi ya chombo hiki hakuna mahali palipoonyesha ubaya wa jambo hili wazi zaidi kuliko Beirut, mwezi wa Agosti, mwaka 2006.

Vita kati ya Israeli na Hizbullah vilikuwa vimeanza tarehe 12 Julai mwaka huo, na vilidumu siku 34. Madaraja, barabara, vituo vya umeme na mitaa ya watu katika Lebanoni vilipigwa mabomu kutoka angani, na makombora yakarushwa kuingia miji ya kaskazini ya Israeli. Walebanoni zaidi ya 1,000 waliuawa, wengi wao raia. Waisraeli zaidi ya 150 waliuawa pia, askari na raia. Vitongoji vya kusini mwa Beirut viligeuzwa vifusi. Huu ndio ukweli uliokuwapo mbele ya kamera, na mtu yeyote mwenye kamera aliyesimama juu ya paa la nyumba katika mji ule hakuwa na haja ya kubuni lolote.

Tarehe 5 Agosti mpiga picha wa kujitegemea aliyekuwa akiliuzia shirika la Reuters picha zake, Adnan Hajj, alituma picha ya moshi ukipanda juu ya majumba ya Beirut baada ya shambulio la ndege. Moshi ulikuwapo kweli. Shambulio lilikuwapo kweli. Lakini moshi ulioonekana katika picha ile ulikuwa mwingi na mweusi kuliko ule uliopanda, kwa kuwa sehemu zake zilikuwa zimechotwa kwa ule muhuri wa kompyuta na kupakwa tena na tena. Mafundo ya moshi yalijirudia kama mapambo ya kanga. Hata majengo mengine yalionekana mara mbili. Kazi ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu wa kawaida, wasio wahariri wala mafundi, waliigundua wakiwa mbele ya kompyuta zao katika nchi za mbali, na kelele zikaanza.

Siku iliyofuata Reuters iliiondoa picha hiyo na kuomba radhi. Haikupita muda ikagunduliwa nyingine ya mtu huyohuyo, ya tarehe 2 Agosti, iliyoonyesha ndege ya kivita ya Israeli aina ya F-16 juu ya kusini ya Lebanoni. Maelezo yake yalisema ndege hiyo inarusha makombora. Kwa kweli ilikuwa imeangusha mwako mmoja, wa aina itumiwayo na marubani kuhadaa makombora yanayoifuata ndege, na mwako huo mmoja ulinakiliwa ukawa mitatu. Tarehe 7 Agosti shirika likavunja kabisa uhusiano na mpiga picha huyo na kuziondoa picha zake zote 920 katika hifadhi yake. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba alikuwa akijaribu kuondoa alama za vumbi tu, na kwamba alikosea kwa sababu alifanya kazi mahali penye mwanga hafifu.

Utetezi huo ulichekwa, na ni haki ulivyochekwa, kwani vumbi haligeuzi mwako mmoja kuwa mitatu. Lakini anayecheka na aangalie alichokitaja mtu yule. Alitaja matumizi pekee ya muhuri huo yanayoruhusiwa katika kazi ya habari. Kanuni za shirika la Associated Press, mathalani, humruhusu mpiga picha kukata kingo, kung'arisha au kufifisha sehemu kwa kiasi cha kawaida, na kuondoa vumbi lililoganda ndani ya kamera au mikwaruzo ya negativi. Zaidi ya hapo, hakuna kitu kinachoweza kuongezwa wala kutolewa. Mlango umeachwa wazi kwa upana wa chembe ya vumbi. Mtu aliyetaka kupitisha moshi wa mtaa mzima alijua jina la mlango wa kuutaja.

Sasa na iulizwe: madhara yalikuwa nini? Wapo wasemao kwamba moshi ni moshi, na kwamba mji uliopigwa mabomu hauongezewi uchungu kwa rangi nyeusi kidogo. Hoja hiyo husemwa na watu wema, wenye huruma kwa waliopigwa, na ndiyo maana inafaa kujibiwa kwa makini.

Siku sita kabla ya picha ile ya moshi, tarehe 30 Julai, ndege za Israeli zilikuwa zimelipiga jengo katika kijiji cha Qana, kusini ya Lebanoni, na kuwaua watu 28, watoto wengi miongoni mwao. Wapiga picha wa mashirika kadhaa walikuwapo wakati maiti zikitolewa chini ya kifusi. Picha zile zilizunguka dunia nzima, na kwa muda mfupi ziliwafanya hata marafiki wa Israeli wanyamaze. Wapo waliokuwa wakitafuta sababu ya kutoziamini, nao walikuwa wakinong'ona kwamba yale yalikuwa maigizo. Ilipogunduliwa kwamba moshi wa Beirut umepakwa, minong'ono hiyo ikapata sauti. Kuanzia hapo aliyeonyeshwa mtoto aliyekufa Qana aliweza kujibu kwa neno moja tu, moshi, na mazungumzo yakageuka kutoka kwa mtoto yakaenda kwa kompyuta. Yule mpiga picha hakuwaongezea Walebanoni hata shahidi mmoja. Aliwanyang'anya waliokuwa nao.

Hilo ndilo jambo ambalo mtu mwenye huruma hulisahau anapoushika muhuri ule. Mwongo anayedanganya kwa ajili ya jambo la uongo huharibu kidogo, kwani jambo lenyewe lilikuwa halina thamani. Mwongo anayedanganya kwa ajili ya jambo la kweli huwapa adui zake silaha ambayo wasingeweza kuitengeneza wenyewe kwa fedha yoyote.

Lakini si haki kumwachia mzigo wote mtu mmoja aliyekuwa juu ya paa. Picha ile haikuruka kutoka Beirut ikatua katika magazeti peke yake. Ilipita mezani pa wahariri wa shirika kubwa, lenye vyombo, lenye kanuni zilizoandikwa, lenye miaka zaidi ya 150 ya kazi, na hakuna aliyeyaona mafundo ya moshi yanayojirudia ambayo watazamaji wa mbali waliyaona mara moja. Mpiga picha wa kujitegemea hulipwa kwa picha inayonunuliwa. Hana mshahara wa mwezi, na anashindana na wenzake kumi waliosimama juu ya paa hilohilo, na picha iliyo na moshi mwingi ndiyo inayochaguliwa. Soko lenyewe lilikuwa likimfundisha kupaka kabla hajagusa kompyuta. Shirika lilikaza taratibu zake za uhariri baada ya aibu ile, na lilistahili kusifiwa kwa kukiri haraka. Hata hivyo ni vigumu kusahau kwamba taratibu hizo zilikazwa baada ya watu wa nje kupiga kelele.

Liko jambo jingine katika adhabu yenyewe ambalo halikujadiliwa vya kutosha. Kati ya picha 920, zilizothibitika kuwa zimeghushiwa siku zile zilikuwa mbili. Zilizobaki 918 ziliondolewa pamoja nazo. Ni sawa kumfukuza mpiga picha, na ni sawa kuzisimamisha picha zake zote mpaka zichunguzwe. Lakini picha ya mtaa uliobomolewa ambayo ni ya kweli ni mali ya waliobomolewa kabla haijawa mali ya shirika. Kuifutilia mbali ili jina la kampuni libaki safi ni kufanya kwa jarida la hifadhi kile ambacho yule alikifanya kwa anga la Beirut.

Jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine mwaka 2014. Narciso Contreras, mpiga picha wa Mexico, alikuwa miongoni mwa watano wa Associated Press waliopata tuzo ya Pulitzer ya mwaka 2013 kwa picha za vita vya Syria. Katika picha aliyoipiga Septemba, 2013 ya mpiganaji mmoja akijikinga, kamera ya video ya mwandishi mwenzake ilionekana chini, kwenye pembe ya kushoto. Contreras aliona kwamba inapotosha jicho la mtazamaji. Akachota sehemu ya ardhi iliyo jirani na kuifunika. Baadaye alilieleza shirika mwenyewe. Picha zake nyingine karibu 500 zilikaguliwa na kulinganishwa na za awali, na haikupatikana hata moja iliyoguswa. Hata hivyo shirika lilivunja uhusiano naye Januari, 2014 na kuziondoa picha zake zisiuzwe tena.

Wengi walisema adhabu hiyo ni kali mno, kwa sababu kamera ile haikuwa na maana yoyote katika vita. Wanakosea katika sehemu ya kwanza ya hoja yao. Kamera ile ilikuwa na maana kubwa: ilimwambia mtazamaji kwamba mpiganaji yule hakuwa peke yake na risasi, kwamba waliokuwapo pale na vyombo vyao walikuwa zaidi ya mmoja, na kwamba picha ilipigwa mbele ya watu wanaotazama. Aliyeiondoa alitoa habari. Katika sehemu ya pili, ya picha zile 500 zilizokaguliwa zikaonekana safi, wana haki kabisa. Kumwadhibu mtu ni jambo moja. Kuuadhibu ushahidi wake uliothibitishwa ni jambo jingine, na hakuna mahakama yenye akili iliyopata kutupa hati mia tano halali kwa kuwa hati moja ilichezewa.

Yasidhaniwe haya kuwa maradhi ya mashirika ya Magharibi peke yake. Serikali nazo zimeushika muhuri huo, tena kwa mikono miwili. Julai, 2008 kitengo cha habari cha Walinzi wa Mapinduzi wa Iran kilitoa picha ya makombora manne yakipaa kwa pamoja jangwani. Shirika la Ufaransa AFP likaisambaza, na magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza yakaiweka ukurasa wa mbele. Siku iliyofuata ikatokea picha ya pili, ya mahali palepale, yenye makombora matatu. La nne lilikuwa bado limekaa juu ya gari lake, halikuondoka. Waliolipeleka angani walichota kombora jirani, pamoja na mkia wake wa moshi na vumbi lililotimka chini yake. Iran ilikuwa na makombora ya kweli yaliyopaa kweli. Kwa tamaa ya kuongeza moja ikawafanya watu wacheke matatu.

Mfano wa Misri unayagusa magazeti ya serikali na ya vyama kwa karibu zaidi, na kwa hiyo usipitwe. Tarehe 1 Septemba, 2010 viongozi watano walitembea pamoja katika Ikulu ya Marekani kwa ajili ya mazungumzo ya Mashariki ya Kati. Barack Obama alikuwa mbele. Hosni Mubarak alikuwa nyuma, pembeni. Siku chache baadaye gazeti la Al-Ahram, lililoanzishwa mwaka 1875 na ambalo wasomaji wa Kiarabu walilihesabu kuwa mama wa magazeti yao, lilichapisha picha hiyo ikiwa na Mubarak mbele ya wote, na Obama akimfuata. Aibu ilipozuka, mhariri mkuu alitetea kwamba picha ile ilikuwa ya kueleza maana, ikionyesha uongozi wa Misri katika jambo la Palestina. Mtu anaweza kumwelewa mhariri anayeogopa. Ni vigumu kumwelewa anayedhani kwamba heshima ya rais huongezeka kwa hatua tano za zulia ambazo hakuzitembea. Mubarak aling'olewa Februari, 2011, na katika miezi ile mitano hakuna ushahidi kwamba picha ilimsaidia kwa lolote.

Haya yalikuwapo hata kabla ya kompyuta. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akitembea kando yake penye mfereji wa Moscow. Baada ya kunyongwa jina lake na yeye mwenyewe kupigwa risasi mwaka 1940, aliondolewa katika picha hiyo, na mahali aliposimama pakajazwa maji ya mfereji. Fundi wa siku zile alihitaji wembe, rangi na mkono usiotetemeka. Kilichobadilika ni bei ya kazi.

Walimu huenda wakaona kwamba hayo ni mambo ya waandishi na wanasiasa. Basi na waitazame sayansi, ambayo wao ndio waifundishao. Mwaka 2016 mtafiti Elisabeth Bik na wenzake wawili walitoa matokeo ya kukagua makala 20,621 za biolojia na tiba, zilizochapishwa katika majarida 40 kati ya mwaka 1995 na 2014. Bik alizitazama picha zake kwa macho, moja baada ya moja. Makala 782, yaani asilimia 3.8, zilikuwa na picha zilizojirudia isivyofaa, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kukusudiwa: mstari wa protini ulionakiliwa ukaitwa wa jaribio jingine, seli zilezile zilizogeuzwa kichwa chini zikaitwa za mgonjwa mwingine. Dawa hutokana na makala kama hizo. Anayechota seli mahali pamoja na kuzipaka mahali pengine hamdanganyi msomaji tu. Anamtuma mtafiti wa nchi nyingine kupoteza miaka na fedha za umma akitafuta kitu ambacho hakikupata kuwapo.

Faraja ilikuwa kwamba muhuri huo huacha mapacha. Kitu kilichonakiliwa kinabaki mara mbili katika picha, na mara mbili hutafutika. Mwaka 2003 Jessica Fridrich na wenzake, katika chuo kikuu cha Binghamton huko jimbo la New York, walieleza njia ya kuifanya kompyuta iwatafute: picha hugawanywa katika vipande vidogo vya mraba vinavyopandana, vipande hupangwa ili vinavyofanana vikae pamoja, kisha huangaliwa kama vingi vyao vimeachana kwa umbali mmoja na upande mmoja. Vikiwa hivyo, mkono wa mtu umepita pale. Njia hiyo na zilizoifuata zimewaumbua wengi.

Faraja hiyo inapungua. Simu zinazouzwa tangu mwaka 2021 zina chombo cha kumfuta mtu kwa kumgusa kidole, na tangu 2023 programu kubwa za picha zina akili ya kubuni ambayo haichoti popote ndani ya picha ileile. Hutunga nyasi mpya, ukuta mpya, hata nyuso mpya. Hakuna mapacha wa kutafuta. Machi, 2024 mashirika makubwa ya habari yaliwataka wateja wao waiondoe picha ya Binti Mfalme wa Wales na watoto wake, iliyotolewa na makazi yake rasmi, kwa sababu mkono wa sweta ya mtoto haukuungana sawasawa na mahali pengine palikuwa na dalili za kuguswa. Mama huyo alikiri siku iliyofuata kwamba alijaribu kuirekebisha mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo la nyumbani, lakini lilionyesha kwamba wahariri wameanza kuogopa hata sweta, nao wana sababu.

Kwa hiyo ulinzi umeanza kuhama kutoka kwenye picha yenyewe kwenda kwenye chimbuko lake. Mashindano ya World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho walete faili la asili kama lilivyotoka katika kamera. Mwaka 2015 asilimia 20 ya waliofika hatua ya kabla ya mwisho waliondolewa baada ya kulinganishwa. Kampuni kadhaa, pamoja na Adobe yenyewe na BBC, zimeshirikiana tangu mwaka 2021 kutengeneza kumbukumbu inayofungwa ndani ya picha na kueleza ilipigwa kwa chombo gani na imefanyiwa nini. Ni muhuri mwingine, na safari hii unafanya kazi ya muhuri. Utafaa kwa kiasi ambacho wapokeaji wa picha watauuliza.

Na wapokeaji ni wengi kuliko wahariri. Ofisa anayeletewa ripoti ya ujenzi wa madarasa huletewa picha pamoja na hesabu, na mara nyingi ni picha inayomfanya atie sahihi. Madawati ishirini hunakiliwa yakawa arobaini kwa kazi ileile iliyougeuza mwako mmoja kuwa mitatu. Mifuko ya saruji hupangwa mpaka darini bila gari kufika. Picha iliyotumwa kwa simu, ikapitia mikono mitano na kubanwa mara tano ili iwe nyepesi, haina tena habari za chimbuko lake, na hata mchunguzi hodari hupata shida nayo. Ofisa huyo hana haja ya kujifunza Photoshop. Anaweza kudai faili la asili kutoka katika simu au kamera iliyopiga, lenye tarehe yake. Picha mbili au tatu za mahali palepale kutoka pembe mbalimbali, kwa kuwa kughushi picha moja ni rahisi na kuzilinganisha tatu ni kazi. Na jina la aliyepiga, liandikwe chini ya picha kama liandikwavyo jina la aliyeidhinisha malipo. Ripoti isiyo na hayo irudishwe, kama irudishwavyo barua isiyo na muhuri.